Bereti ya Afande Bhoke

Nilipopigiwa simu kwamba Afande Bhoke amefariki, swali la kwanza lililonitoka halikuwa la mtu mwenye msiba. Sikuuliza ameugua nini wala anazikwa lini. Niliuliza, "Bereti yake iko wapi?" Aliyenipigia alikuwa Robi, binti wa dada yake, ambaye marehemu alimpenda kama mtoto wa kumzaa. Robi akacheka huku analia. "Ipo, mama. Iko kabatini, imefungwa kwenye khanga. Na mume wangu ameuliza hivyo hivyo." Nikamwambia nakuja. Nilifika Tarime nikiwa na magoti yaliyovimba kwa safari, nikapata chumba mtaa wa Nyamisangura nyuma ya duka la pembejeo, na asubuhi nikaketi barazani na chai ya maziwa na mihogo ya kuchemsha, nikitazama malori yanayoelekea Sirari. Nimestaafu jeshi miaka kadhaa sasa. Vijana wakiniuliza jeshi lilinifundisha nini, huwa nawatajia ukakamavu na kuamka mapema, kwa sababu ndicho wanachotaka kusikia. Asubuhi ile nilikiri moyoni kwamba karibu kila kitu nilichokijua juu ya kuongoza watu nilikipata katika mwaka mmoja, kwenye chumba kimoja kilichonuka turubai, kwa mwanamke mfupi mwenye cheo cha sajini taji.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimepewa utepe wangu wa kwanza, koplo usu, na kichwa kilikuwa kimevimba kuliko utepe wenyewe. Nilikulia kwenye kota za askari, leo mkoa huu kesho ule, kwa hiyo sikuwa na kijiji cha kukitaja wala lugha nyingine zaidi ya Kiswahili, na jambo hilo niliona ni sifa. Kambi niliyopelekwa ilikuwa ndogo, huko Tarime, na nilitegemea kupewa kazi ya silaha. Nikapelekwa ofisi ya ustawi. Ofisi yenyewe ilikuwa stoo ya mahema iliyopakwa chokaa: meza moja, viti saba visivyofanana hata viwili, jiko la mkaa nje ya mlango, birika kubwa jeusi, na ubao wa chaki. Kwenye ubao yaliandikwa mambo ambayo mimi niliyaona si ya kijeshi kabisa. Nani amejifungua. Nani amefiwa kwao na hana wa kumsindikiza. Mume wa nani yuko nje ya nchi kulinda amani na hajapiga simu. Afande Bhoke alisimama mbele ya ubao ule kila asubuhi na kuusoma wote kwa sauti. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto, kwa hiyo kambi nzima ilijua nani kajifungua. "Jambo, afande," nilimwambia siku ya kwanza, mikono imekakamaa ubavuni. Akanitazama kutoka chini hadi juu. "Jambo, Zawadi. Unajua kuchemsha chai?" Wanaume wa platuni waliposikia, nikapata jina. Koplo wa Birika. Niliumia sana na jina lile, na maumivu hayo ndiyo yaliyonifikisha kwenye kosa nitakalolieleza.

Kila Alhamisi mke mmoja wa askari alipika chakula cha kwao kwenye jiko letu. Kambi ilikuwa na watu wa kila upande, na kabla ya Afande Bhoke wanawake walikaa kila mtu na kabila lake, wakisemana kwa vilugha kwenye bomba la maji. Yeye aliwaweka kwenye viti vile saba, waliobaki wakakaa kwenye mikeka. Siku hiyo ikiwa ya mama wa Kinata kutoka Serengeti, tulikula nyama iliyokaushwa na uwele. Ikiwa ya Mkurya, tulikula ugali mweusi wa mtama na mihogo, na kichuri, ile nyama yenye mchuzi wa nyongo inayokausha ulimi ukiwa hujaizoea. Sheria ilikuwa moja. Hakuna kusema "mimi sili hicho" kabla hujamuuliza mpishi kwa nini kwao wanakila. "Uliza kwanza," alikuwa akisema Afande Bhoke huku anamega tonge. "Halafu ndiyo ukatae." Kutokana na vikao vile likazaliwa kundi la ngoma la kambi. Wake wa askari na askari wenyewe walifanya mazoezi jioni uwanjani, kila mtu akifundisha ya kwao, na kambi ilipopata wageni lile kundi lilitangulia hata kabla ya gwaride. Mara ya kwanza niliwaona kama watu wanaopoteza muda. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nacheza nao, vibaya, mama mmoja wa Kikurya akinishika mabega na kuniambia, "Ruka, mwanangu, ruka! Ardhi haitakimbia!"

Kisha akaja Marwa. Alikuwa askari mpya, mrefu, mweusi wa kung'aa, aliyekuwa machimboni akichimba dhahabu kabla ya kuajiriwa. Alikuwa anapiga litungu. Kwa wasiojua, ni kile chombo cha nyuzi cha Wakurya chenye sauti nzito, na kundi letu lilikuwa limelitafuta kwa muda mrefu. Afande Bhoke alifurahi mno, akaja mazoezini mwenyewe kumkaribisha. Marwa alipomwona anakaribia, alisimama, akageuka nyuma bila amri ya mtu, akabaki ameutazama ukuta wa bwalo. Tulidhani ni haya ya ugeni. Lakini siku zilizofuata mambo yalizidi. Wakikutana njiani kati ya bwalo na kota, kijana aliruka mtaroni na sare yake iliyonyooshwa, akasubiri humo mpaka afande apite. Akiwa kwenye mazoezi, alipiga litungu akiwa amempa mgongo. Alhamisi akipewa sahani, alikwenda kula nyuma ya tangi la maji. Siku ya ukaguzi wa viatu Afande Bhoke alifika mbele yake akamwambia, "Askari, nitazame ninapokuamrisha." Akatazama chini. Akaamriwa mara ya pili. Akatazama chini, jasho likimdondoka kidevuni. Akakimbizwa uwanja mzima akiwa na begi la mchanga mgongoni, akarudi, akatazama chini. Sajini wa platuni yake, mtu wa mbali asiyejua chochote kuhusu huko, akatikisa kichwa. "Hawa wa huku ndivyo walivyo. Hawataki kuongozwa na mwanamke."

Maneno yale yaliniingia kwa sababu yalikuta nafasi tayari. Nilikuwa nimechoka kuitwa Koplo wa Birika. Nilikuwa nimeona jinsi maafisa wadogo walivyomkatiza Afande Bhoke kwenye vikao, naye akasubiri wamalize na kuanza upya sentensi ile ile. Sasa hata kuruta wa jana anamgeuzia mgongo! Nilichukua karatasi nikaandika maelezo, nikachagua maneno makali. "Askari huyu anamdharau kiongozi wake kwa sababu ni mwanamke." Nilimpelekea Afande Bhoke nikitegemea kusifiwa. Alisoma, akaiweka chini ya birika. "Umemuuliza?" Nikasema hajibu, afande, akiulizwa anatazama miguu yake. "Hujamuuliza," akasema. "Umemfokea. Karatasi hii ikitoka humu hairudi. Ngoja nirudi." Alikuwa anakwenda Serengeti siku mbili tatu, upande wa bwawa la Manchira, kumwona mama mzee wa askari wetu mmoja aliyekuwa nje ya nchi. Gari lake lilipotokomea barabarani, niliitoa karatasi chini ya birika, nikaifuta duara la masizi, nikaipeleka ofisi ya mkuu wa kambi. Nilijiona shujaa. Jioni ile ile jibu lilitoka: Marwa ashtakiwe kwa kutotii amri, afike mbele ya mkuu wa kambi Jumatatu. Alikuwa bado kwenye kipindi cha kuangaliwa, na kila mtu alijua maana yake. Angevuliwa sare na kurudi kwenye mashimo.

Alhamisi ilikuwa zamu ya Mama Otieno, mke wa koplo mmoja, Mjaluo wa Rorya aliyekuwa na ndugu Kenya na maneno yao mdomoni. Alikuwa anakaanga samaki, wengine wanakatakata nyanya, na mazungumzo yalikuwa ya Marwa. Mimi nilikuwa ndani nikipanga vikombe, nasikiliza huku nikijipongeza. Mama mmoja akaeleza habari ya mtaro, mwingine habari ya kula nyuma ya tangi. Mama Otieno akaacha kugeuza samaki. "Ngojeni kwanza. Anaruka mtaroni akiona wanawake wote, ama ni huyu mmoja?" Wakasema ni huyu mmoja tu. "Mimi akinipita ananiamkia vizuri," akasema mwingine, "hata mizigo alinibebea." Mama Otieno akapiga makofi. "Sasa hiyo ni madharau gani, jameni? Anapisha njia, hali mbele yake, hamwangalii usoni! Huyo kijana hana kiburi. Huyo ana mkwe humu ndani!" Wanawake wa Kikurya waliokuwepo wakaangaliana, mmoja akajifunika mdomo. Nami kikombe kikaniponyoka. Kila mwanamke pale, kasoro mimi, alikuwa amekua akiona kijana anavyomkwepa mama mkwe wake: hakai naye chumba kimoja, hali naye, akimwona njiani anaingia porini mpaka apite. Ni heshima kubwa kuliko zote anazoweza kumpa mwanamke. Nami nilikuwa nimeiandika kwa mkono wangu kwamba ni dharau.

Nilimfuata Marwa alikokuwa anafagia nyuma ya karakana. Safari hii nilimuuliza. Niliketi chini kwenye changarawe ili nisimsimamie kichwani, nikamuuliza, "Afande Bhoke ni nani kwako?" Alifagia mahali pale pale kwa muda mrefu. "Ni mama," akasema mwisho. "Ni mama ya Robi. Mama mdogo, lakini kwetu hiyo ni mama tu." Ng'ombe wa mahari walikuwa wamepokelewa kijijini Gorong'a, kwa dada yake Afande Bhoke, wakati Marwa bado yuko machimboni. Afande alikuwa mafunzoni mbali, akasikia tu kwamba binti amepata mchumba mchimbaji, hakulijua jina; Marwa yeye alimjua kwa picha iliyotundikwa ukutani kwa kina Robi. Nikamwambia, mbona hukusema? Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Koplo, ningesema kwa nani? Askari mpya haruhusiwi kuwa na mke. Nikisema ni mkwe, nimejifukuza. Nikimtazama usoni, Gorong'a hawatanipa Robi." Nililia pale kwenye changarawe, utepe wangu begani, na yeye akahamia upande wa pili kufagia ili aniachie nafasi.

Afande Bhoke alirudi Ijumaa na vumbi la Serengeti kwenye nyusi. Nilimweleza yote, nikianza na karatasi. Aliketi kwenye kimoja cha viti saba. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Kwanza alicheka, kicheko kifupi cha kushangaa, kisha akavuta khanga iliyokuwa mgongoni mwa kiti akajifunika uso. "Nimemkimbiza mkwe wangu na begi la mchanga," akasema humo ndani ya khanga. "Mbele za watu. Na alikimbia." Alipofunua uso macho yalikuwa mekundu lakini mdomo umekazwa. "Kesho tunakwenda Gorong'a. Na wewe unakwenda. Ukasikie kwa masikio yako."

Jiko la dada yake, Gati, lilikuwa na moshi na maziwa ya kibuyu, na ndani yake alikaa mama mkwe wa Gati, kikongwe aitwaye Wankuru, akipepeta mtama na kugombana na kila mtu aliyekanyaga kivuli chake. Nilitoa shikamoo, akaniitikia marahaba bila kuniangalia. Robi alikuwa amejibanza mlangoni, uzi na sindano mkononi; alikuwa anajifunza ushonaji. Afande Bhoke alieleza tatizo bila kulipamba. Kijana akimtazama, anavunja mwiko wa nyumba. Asipomtazama, anavunja sheria ya jeshi. Wankuru akasema mkwe ni mkwe, jeshi likatafute mwanamke mwingine wa kupiga kelele. Afande Bhoke akasimama. Alikuwa amevaa khanga na blauzi kama dada yake. Akatoka nje, akarudi akiwa kwenye sare kamili, bereti imekaa sawasawa, akapiga saluti mbele ya ungo wa mtama. "Bibi, huyu unayemwona amemzaa Robi?" Kikongwe akamtazama kwa muda mrefu, ungo umesimama. "Huyo ni serikali," akasema. "Hiyo nguo haijazaa mtu." "Basi nikiwa na kofia hii kichwani, Marwa ananitazama. Nikiivua, mimi ni mama yake, na ananipisha njia." Wankuru alifikiria. Akauliza, "Na ukijisahau ukaivua mbele yake?" "Sitajisahau." "Ukijisahau umenivunjia nyumba." "Sitajisahau, bibi." Kisha wakakubaliana na la pili, Gati akiwa shahidi: Robi hatatoka kwa mama yake mpaka jeshi lenyewe liseme muda wa Marwa kuoa umefika. Tukala. Nilipewa kichuri nikakimaliza bila kukunja uso, na Wankuru ndipo aliponitazama.

Jumatatu Marwa aliingizwa kwa mkuu wa kambi bila kofia wala mkanda. Mimi na Afande Bhoke tulisimama nyuma yake. Mkuu wa kambi alikuwa mtu wa kusini, mpole, asiyependa maneno mengi. Alisoma maelezo yangu kwa sauti, na kila neno nililolichagua kwa ufundi lilinirudia. Akamuuliza Marwa kama ana la kusema. Marwa akatikisa kichwa. Ndipo Afande Bhoke akaomba ruhusa. Angeweza kusema nusu tu, ile nusu ya heshima, akaacha ya ng'ombe. Hakuna pale aliyejua. Alisema yote. "Kijana alificha kwamba ana mchumba aliyetolewa ng'ombe. Kama ni kosa la kuficha, afande, aandikiwe la kuficha. Hili la dharau si lake. Sijawahi kuheshimiwa hivi tangu niingie jeshini." Mkuu akauliza, "Ameoa au hajaoa?" "Bibi harusi yuko kwa mama yake, na hatatoka mpaka nyinyi mseme ndiyo. Mimi ndiye mdhamini, na cheo changu kipo hapa." Alikuwa amebakiza muda mfupi kupandishwa daraja. Nikapiga hatua moja mbele. "Afande, maelezo ni yangu. Niliandika jambo nisilolijua. Sikumuuliza. Naomba kuyafuta." Mkuu wa kambi alinitazama, akaiweka karatasi pembeni. Kisha akamgeukia Afande Bhoke. "Na gwarideni je? Niwe na askari wa kuruka mitaroni?" Afande Bhoke akasema, "Marwa. Nyuma, geuka." Akageuka, kidevu kifuani. "Nina nini kichwani?" "Bereti, afande." "Basi mimi ni nani?" "Sajini Taji." "Inua macho." Akainua. Yalikuwa yamejaa machozi, lakini aliyakaza usoni mwa afande wake na hayakutikisika, naye Afande Bhoke hakupepesa. Nimewahi kuona magwaride makubwa baada ya hapo, yenye bendi na wageni. Hakuna lililonifanya nijivunie sare yangu kama chumba kile.

Marwa alipewa fatiki ya wiki mbili, kufyeka na kusomba maji, kwa kuficha, akabaki askari. Habari ya bereti ilienea, na kambi ikaifanya yake. Afande Bhoke akiinua tu mkono kujikuna kichwa, platuni nzima ilipiga kelele, "Marwa, mtaro!" naye kijana akakaa tayari kuruka. Siku za mazoezi alipiga litungu akiwa amemwelekea, na kwa jua lile la Tarime mama wa watu alivumilia bereti yake mpaka mlio wa mwisho wa nyuzi. Hakuivua mbele yake hata mara moja. Cheo chake kilichelewa, sikuwahi kujua kama ni kwa sababu ile, na nilipomuuliza alinituma nikachemshe chai. Miaka ilipotimia na ruhusa ikatoka, Robi aliolewa kanisani. Kwenye sherehe nyumbani Afande Bhoke alivaa khanga mpya, bila bereti, kwa hiyo alikaa upande wa jikoni ambako bwana harusi hakuruhusiwa kukanyaga, akasikiliza litungu kupitia ukutani, na niliketi naye, nikimmiminia chai bila kuambiwa. Mimi mwenyewe nilikuja kuongoza ofisi za ustawi kambi tatu. Kila nilikokwenda niliweka viti visivyofanana.

Alizikwa Gorong'a, kwenye boma alilojijengea mwenyewe karibu na dada yake. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Wanawake walikuja kutoka kambi nisizozijua, wenye vyeo ambavyo wakati wetu mwanamke hakuvitaja, na Mama Otieno, sasa na fimbo, alikalia kiti cha mbele bila kumwomba mtu. Marwa siku hizi ni afisa mteule, mvi zimemshika. Wazee wa ukoo walikuwa wamekwisha kusema kwamba mkwe haagi uso wa mama mkwe, na hakuna aliyebisha. Jeneza likafungwa, likatolewa uani. Robi alinikabidhi bereti ikiwa imepigwa brashi. Niliiweka juu ya jeneza, nikairekebisha ikae upande kama alivyopenda, nikarudi nyuma. Marwa alitoka kwenye mstari akiwa amenyooka, akasimama hatua tatu kutoka pale, akainua macho moja kwa moja. Akapiga saluti. "Jambo, afande," akasema, kwa sauti ambayo watu wote waliisikia. Alikaa hivyo mpaka nilipoamriwa kuichukua bereti nimkabidhi Gati. Niliiinua kwa mikono miwili. Safari hii hakuna aliyepiga kelele ya mtaro. Marwa aliinamisha kichwa, akarudi nyuma, akashuka kwenye mfereji uliojaa maji ya mvua, na viatu vyake vilivyong'aa vikazama topeni. Akageuza uso kwenye uzio wa katani, akasimama humo mpaka mama mkwe wake alipopitishwa kwenda kaburini.